Kinga ya Uvungu wa Gari

Katika viungo vyote vya gari, hakuna kinachofanya kazi kubwa na kupata heshima ndogo kuliko uvungu. Bodi huoshwa na kupakwa nta mpaka ikang'aa, viti hutandikwa vitambaa, na magurudumu hutiwa mapambo. Walakini kule chini, ambako fremu hubeba uzito wote, ambako mabomba ya breki na ya petroli yamepitishwa, na ambako springi na mikono ya usukani imeshikizwa, aghalabu hapatazamwi ila siku gari limepata udhia mwingine likainuliwa gereji. Kutu haina haraka wala kishindo. Huutumia mghafala huo mwaka baada ya mwaka, na mwenye gari huja kutanabahi siku fundi anapobonyeza chuma kwa bisibisi na bisibisi ikazama.

Hasara ya kutu ya chini si hasara ya sura. Mlango ukiliwa na kutu, gari huharibika uso tu. Lakini bomba la breki likitoboka, mguu wa dereva huteremka na breki mpaka sakafuni na gari lisisimame, na mahali mkono wa gurudumu uliposhikizwa pakioza, gurudumu laweza kwenda upande gari likiwa mbioni na watu wamo ndani. Kwa ajili hiyo huko Uingereza, ambako magari yaliyofikia umri fulani hukaguliwa kwa sheria tangu mwaka 1960, mkaguzi hutazama kwa makini chuma kinachobeba uzito kilicho ndani ya sentimita 30 kutoka mahali breki, usukani na springi ziliposhikizwa, na chuma hicho kikiwa kimedhoofishwa na kutu, gari hukataliwa hata kama rangi yake inamulika. Kipimo hicho ni cha insafu, na kila mwenye gari, popote alipo, aweza kukitumia anapotaka kujua kama kutu aliyoiona ni ya kuangalia tu au ni ya kutia hofu.

Ili mtu aijue kinga, yampasa kwanza amjue adui. Chuma hakitoki ardhini kikiwa chuma: huchimbwa katika mawe ambayo ndani yake kimefungamana na oksijeni, kikatiwa katika tanuri pamoja na makaa, na kwa moto mkali oksijeni ile ikaondolewa kwa nguvu. Tangu siku hiyo huwa tayari kurejea asili yake, na hurejea kila kipatapo maji na hewa kwa pamoja. Katika hewa kavu kipande cha chuma chaweza kukaa miaka kikiwa safi. Bali tone la maji likitua juu yake likakaa, umeme mdogo huanza kupita kutoka sehemu moja ya chuma kwenda nyingine kwa njia ya maji yale, chuma kikayeyuka chembe kwa chembe, na chembe hizo zikaungana na oksijeni na maji zikawa ule unga mwekundu unaojulikana na kila mtu. Alumini nayo huungana na oksijeni, lakini ngozi inayofanyika juu yake ni nyembamba na ngumu, na hushikana nayo hata ikawa ngao yake. Kutu ya chuma ni kinyume cha hayo, kwa maana ina vinyweleo, hunywa maji, na hujaza nafasi mara 2 hadi 6 ya ile iliyokuwa imejazwa na chuma kilichotoweka. Ndiyo sababu ikianza chini ya rangi huisukuma mpaka ikapasuka, na ikianza baina ya mabati mawili yaliyochomelewa pamoja huyatanua mpaka yakaachana. Na kila ufa unaofanyika huwa mlango mpya wa maji.

Chumvi si chanzo cha kutu, lakini ni msaidizi wake mkubwa, na msaada wake ni wa namna mbili. Kwanza, maji yenye chumvi hupitisha umeme kwa wepesi kuliko maji matamu, na kazi ya kutu ikaenda mbio. Pili, na jambo hili halijulikani na wengi, chumvi huvuta unyevu kutoka hewani. Chumvi ya kawaida huanza kuyeyuka yenyewe unyevu wa hewa unapofika asilimia 75 hivi, na chumvi ya magnesi, ambayo nayo imo katika maji ya bahari, huyeyuka kabla unyevu haujafika hata nusu ya kiasi hicho. Sasa, katika mwambao wetu, kutoka Lamu hadi Mtwara na visiwani Unguja na Pemba, unyevu wa hewa wakati wa usiku na alfajiri aghalabu hupita asilimia 75. Maana yake ni kwamba gari linalolala Mombasa, Tanga au Dar es Salaam likiwa na vumbi la chumvi uvunguni halikauki sawasawa, hata katika siku ambazo mvua haijanyesha na barabara ni nyeupe kwa jua; mwenyewe hudhani chuma chake ni kikavu, kumbe usiku kucha kimelala majini.

Njia ambazo chumvi hiyo hufika uvunguni ni nyingi. Kila lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi, na pepo za kaskazi na kusi zinapovunja mawimbi ufukoni, matone madogo mno hurushwa hewani, yakachukuliwa upande wa nchi kavu na kutua juu ya kila kitu. Huwa mengi karibu na ufuko na hupungua sana baada ya kilomita chache, na kwa hiyo gari la Dodoma au Nairobi, likiwa limeishi huko siku zote, hupata afua ambayo gari la pwani halina. Njia nyingine ni ya moja kwa moja. Pale Likoni, mathalani, kivuko huteremsha ulimi wake wa chuma juu ya mteremko wa saruji unaopandwa na maji ya bahari, na gari linaposhuka maji yakiwa yamejaa, magurudumu hupita katika maji hayo na kuyarusha ndani ya madigadi, juu ya mabomba, na katika pembe za fremu. Dereva hasikii ila mshindo mdogo chini ya miguu yake, kisha huendelea na safari, na maji yale hukaukia palepale yakaacha chumvi mahali pasipofikiwa na kitambaa cha mwosha magari.

Magari yanayobeba samaki hupata balaa kubwa zaidi, kwa sababu barafu iliyoyeyuka, ikichanganyika na maji ya bahari, huvuja katika viungo vya kitanda cha gari na kudondoka juu ya fremu safari nzima. Na kuna njia moja ambayo humwingia mtu katika sura ya usafi: katika miji ya pwani visima vingi vina maji ya chumvichumvi, na gari linalooshwa kila asubuhi kwa maji hayo huongezwa chumvi na mkono uleule unaodhani unaiondoa. Maji ya kuoshea gari yaonjwe kwanza kwa ncha ya ulimi, na yakiwa na ladha ya chumvi, basi hayafai kwa uvungu hata kidogo.

Tena yafaa tukumbuke kwamba magari yetu mengi hayakuanza maisha yake hapa. Kenya hairuhusu kuingizwa gari lililopita umri wa miaka 8, na Tanzania Bara huruhusu yaliyozidi umri huo kwa ushuru wa ziada. Katika hali zote mbili gari linaloteremshwa bandarini Mombasa au Dar es Salaam aghalabu limekwisha kutumika miaka mingi Japani. Huko, katika sehemu za baridi kama Hokkaido, Niigata na Nagano, barabara hunyunyiziwa chumvi wakati wa theluji ili barafu isishike. Mwaka 1990 Japani ilipitisha sheria ya kuzuia matairi yenye misumari, ambayo yalikuwa yakichimba lami na kutimua vumbi lenye kudhuru afya, na baada ya hapo haja ya chumvi barabarani ikazidi. Moja ya chumvi zinazotumika ni kloridi ya kalsiamu, ambayo hunyonya unyevu hata katika hewa iliyo kavu sana kuliko ya kwetu. Gari lililopita misimu ya baridi katika majimbo hayo laweza kufika kwetu likiwa na uso wa bibi harusi na uvungu uliokwisha kuliwa. Na joto na unyevu wa pwani hauponyi kutu, bali huiharakisha.

Kwa hiyo mtu anayeagiza gari aombe karatasi ya mnada ya asili kabla ya kulipa, na asiridhike na picha. Katika karatasi za minada ya Japani, herufi S huonyesha kutu na herufi C huonyesha chuma kilicholiwa, na namba inayofuata, kila ikizidi kuwa kubwa, huonyesha ubaya kuzidi. Wakaguzi huandika pia maneno juu ya hali ya uvungu, na maneno hayo yastahili kufasiriwa na mjuzi. Aombe kadhalika picha za chini ya gari zilizopigwa kwa karibu. Muuzaji anayetuma picha 20 za viti na redio na asitume hata moja ya fremu amekwisha kusema jambo kwa kunyamaza kwake.

Watengenezaji wa magari wamepigana na adui huyu kwa miaka mingi, na silaha yao bora ina historia ndefu. Mwaka 1824 mwanachuoni Mwingereza Humphry Davy alionyesha kwamba shaba iliyobandikwa chini ya marikebu za vita haitaliwa na maji ya bahari ikiwa imegusana na vipande vya zinki au chuma, kwa kuwa madini yaliyo mepesi kuliwa hujitoa muhanga na kuyahifadhi yale mengine. Mwaka 1837 Mfaransa Stanislas Sorel akapata hati ya kuvika chuma zinki kwa kukichovya katika zinki iliyoyeyuka, na mabati ya nyumba zetu ni matunda ya kazi hiyo. Katika magari Porsche ilianza kutumia bodi ya mabati yaliyovikwa zinki mwaka 1975, na Audi ikafuata mwaka 1985. Juu ya hayo, bodi za siku hizi huzamishwa nzima katika pipa kubwa la rangi ya kwanza inayovutwa na umeme, ili ifike hata katika pembe za ndani ambazo bomba la kupulizia rangi haliwezi kuzifikia.

Kinga hizo ni nzuri, lakini zina mpaka. Ile rangi ya umeme ina unene wa mikroni 20 hivi, yaani sehemu 2 katika 100 za milimita moja, na kokoto moja iliyorushwa na tairi yatosha kuipasua. Fremu nene za magari ya mizigo aghalabu hazivikwi zinki kama bodi. Na mahali palipochomelewa baada ya ajali hapana kinga yoyote ya kiwandani. Asidhani mtu kwamba jina kubwa la kampuni ni dawa ya kutu. Mwaka 2016 Toyota, ambayo sifa ya uimara wake haina haja ya shahidi, ilikubali katika mahakama ya Marekani kukagua, na inapobidi kubadilisha, fremu za magari ya Tacoma, Tundra na Sequoia yapatayo milioni 1.5 kwa ajili ya kutu, kwa gharama iliyokadiriwa kuweza kufika dola bilioni 3.4. Ikiwa hayo yamempata tajiri wa namna hiyo, seuze mwenye gari moja alilolinunua kwa mkopo.

Watu wa mwambao si wageni wa maarifa haya. Mabaharia wetu, tangu zama za mababu, walikipandisha chombo pwani, na maji yalipokupwa wakakilaza ubavu, wakakikwangua chaza na magugu yaliyokamata, wakakipitishia moto wa makuti kuua wadudu wa mbao, wakakiacha kikauke, kisha wakakipaka deheni ya chokaa na shahamu katika sehemu inayozama, na mbao za juu wakazipaka sifa, mafuta yatokayo katika maini ya papa. Walifanya hivyo kila msimu, chombo kikiwa kizima, wala hawakungoja kivuje. Kanuni yote ya kuhifadhi uvungu wa gari imo katika kazi hiyo: safisha, kausha, paka mafuta yanayoshika, na rudia kwa wakati wake.

Ukaguzi ndio mwanzo. Gari lipandishwe juu ya shimo la gereji au juu ya mashine ya kuinulia. Na likiinuliwa kwa jeki, liwekwe stendi madhubuti za chuma na magurudumu yazibwe kwa magogo, kwa kuwa mtu hapaswi kamwe kuingia chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Vifaa vinavyotakiwa ni taa, bisibisi, nyundo ndogo, na waya mwembamba. Anza ndani ya madigadi, ambako bati limepindwa pembeni na kufanya mfereji mdogo. Tia kidole katika mfereji huo, na aghalabu utatoa udongo ulioshindiliwa, wenye unyevu hata katikati ya kiangazi. Kisha tazama boriti za bati zilizo chini ya milango, mahali fremu inapopindika juu ya ekseli ya nyuma, mahali springi na mikono ya magurudumu imeshikizwa, na mabomba ya breki tangu mbele mpaka nyuma, hasa chini ya vishikizo vyake. Gonga kwa nyundo polepole: chuma kizima hulia, na kilichooza huitika kwa sauti nzito isiyo na mwangwi.

Chini ya milango na chini ya zile boriti mna vitundu vidogo ambavyo wengi hudhani ni kasoro. Vimewekwa kwa makusudi ili maji yaliyoingia ndani yapate pa kutokea. Chomeka waya katika kimoja ambacho kimezibwa na tope, uuzungushe kidogo, na mara nyingi yatatoka maji meusi yenye mchanga na magamba ya kutu, maji ambayo yamekaa humo tangu mvua zilizopita yakila chuma kutoka ndani kwenda nje. Hapa pana siri kubwa ya kutu ya magari: katika sehemu zilizo wazi ndani yake, huanzia mahali ambapo jicho halifiki, na lile doa la kwanza linaloonekana nje, dogo kama dengu, ni mwisho wa kazi ya miaka, si mwanzo wake. Kuzibua vitundu hivyo hakugharimu kitu, na huenda kukaliokoa gari kuliko kopo lolote la dawa.

Baada ya ukaguzi huja kuosha. Maji matamu mengi, kwa nguvu ya kiasi, yapitishwe ndani ya madigadi, juu ya fremu na katika kila pembe, mpaka yanayodondoka yawe meupe. Mashine ya nguvu kubwa isielekezwe kwa karibu katika mipira ya ekseli, bearingi na viungio vya nyaya za umeme, kwa kuwa huyasukuma maji mahali yasipotakiwa. Desturi ya kuosha uvungu si ya mara moja kwa mwaka: kila gari linapopita katika maji ya bahari, linapoteremka ufukoni, linapobeba samaki au mchanga wa pwani, au linapokatiza mafuriko ya mjini, lioshwe chini siku hiyohiyo, kabla chumvi na tope havijakaukia mahali pake. Kisha likauke sawasawa. Kupaka dawa juu ya chuma chenye majimaji ni kufungia maji ndani, na kufungia maji ndani ni kuifanyia kutu ihsani.

Kutu iliyokwisha kuanza isifunikwe kabla ya kushughulikiwa. Magamba yatolewe kwa brashi ya waya na msasa mpaka chuma kigumu kionekane. Ile kutu nyembamba inayobaki katika vinyweleo hupakwa dawa ya kuigeuza, ambayo aghalabu huwa na asidi ya fosforasi au tanini, na hiyo huifanya kutu kuwa kitu kigumu chenye rangi nyeusi kisichokula chuma kwa wepesi. Atakayeitumia avae glavu na miwani, kwa kuwa ni asidi. Halafu hufuata praima yenye zinki au ya kuzuia kutu, kisha rangi. Walakini dawa hizi zina hadi yake. Fremu iliyotoboka haitengenezwi kwa dawa, wala kwa puti, wala kwa kipande cha bati kilichogandishwa. Hukatwa sehemu iliyooza mpaka kwenye chuma kizima na kuchomelewa chuma kipya na fundi anayejua kazi, betri ikiwa imefunguliwa na mabomba ya petroli yamewekwa mbali na moto. Na bomba la breki lililoliwa halipakwi kitu: hubadilishwa.

Hapo ndipo tunapofika kwenye kupaka, na hapa watu hukhitilafiana. Dawa zilizopo ni za aina tatu. Ya kwanza ni ile nzito nyeusi ya lami au mpira, ambayo hukauka ikawa ganda. Faida yake ni kuzuia kokoto na kupunguza kelele, na juu ya gari jipya, safi na kavu, hufanya kazi njema. Dosari yake ni kwamba hukakamaa kwa miaka, ikapasuka nyufa nyembamba, na maji ya chumvi yakaingia chini yake yasipate pa kutokea, na kutu ikatembea kwa siri nyuma ya ganda linaloonekana zima. Ya pili ni nta, ambayo hupulizwa ikiwa majimaji kisha hubaki laini, na hasa hufaa ndani ya boriti na milango, ikipelekwa kwa mrija mrefu wenye tundu la kunyunyizia. Ya tatu ni mafuta yanayotambaa, yakiwamo yale yatengenezwayo kwa lanolini, yaani shahamu ya sufu ya kondoo, ambayo hayakauki kabisa, hupenya katika viungo vya mabati, na yakikwanguliwa na jiwe hurudi yenyewe kufunika palipokwanguliwa.

Kwa gari lililokwisha kutumika, ambalo ndilo gari la wengi wetu, rai yangu ni wazi: mafuta yanayotambaa au nta laini ni bora kuliko ganda jeusi. Ganda hudai chuma kisicho na doa, na chuma cha namna hiyo hakipatikani katika gari lenye miaka 10. Mafuta hayo hayadumu muda mrefu, kwa kuwa maji na vumbi huyaondoa kidogo kidogo, na kwa hiyo yarudiwe kila mwaka. Lakini udhaifu huo wenyewe una heri ndani yake, maana humlazimisha mwenye gari kuutazama uvungu wake kila mwaka, na kutu inayotazamwa haipati nafasi ya kuota mizizi.

Upakaji una mipaka yake. Diski na ngoma za breki zifunikwe zisiguswe hata tone moja, kwa sababu mafuta juu ya breki ni hatari ya roho. Bomba la moshi liachwe, kwa kuwa joto lake huyachoma mafuta yakatoa moshi na huweza kuleta moto. Mhimili unaopeleka nguvu kwenye magurudumu ya nyuma usipakwe dawa nzito, usije ukapoteza mizani yake ukatetemesha gari. Vitundu vya kutolea maji vibaki wazi, na fundi akimaliza avipitie kimoja kimoja kwa waya.

Kuna desturi moja ambayo lazima niiseme kwa uwazi, kwa kuwa imeenea katika gereji zetu na watu huifanya kwa nia njema: kunyunyizia uvungu mafuta machafu ya injini yaliyochanganywa na dizeli. Ni kweli mafuta hayo huzuia maji kwa muda, na ni kweli hupatikana bure. Lakini yamebeba asidi na uchafu uliotokana na kuungua ndani ya injini. Huvimbisha na kuozesha bushi na mipira iliyo chini ya gari. Humdhuru fundi anayeyagusa kwa ngozi kila siku. Na hudondoka barabarani, uani na karibu na visima, yakaingia ardhini ambamo twachota maji ya kunywa. Senti iliyookolewa kwa mwenye gari hulipwa na jirani yake. Mwenye uwezo mdogo na anunue dawa ya kutambaa kopo moja, aipake mahali pa hatari tu, ndani ya zile sentimita 30 na katika mabomba ya breki, kuliko kulowesha gari zima mafuta machafu.

Na kuna jambo jingine ambalo si nia njema hata kidogo, nalo ni kupaka uvungu rangi nyeusi siku chache kabla ya kuuza. Uvungu mweusi unaong'aa, katika gari lenye miaka 10 au 15, si dalili ya utunzaji mpaka ithibitike hivyo. Mnunuzi apitishe kidole na kutazama kama rangi imepita juu ya tope, juu ya skrubu na juu ya vibandiko. Agonge kwa nyundo. Na muuzaji akikataa kugongwa kwa fremu yake, mnunuzi afunge mkoba wake aondoke. Anayeficha fremu iliyooza hauzi gari bovu tu, bali huuza ajali, na dhamana ya watakaodhurika ataibeba yeye.

Wakati ulio bora wa kazi hii katika mwambao ni Januari na Februari, katika joto la kaskazi, kabla ya masika ya Machi hadi Mei: siku ni za jua, chuma hukauka upesi, na mafuta yakiwa yamelegezwa na joto hupenya mbali katika viungo. Aliyekosa wakati huo apate nafasi nyingine baada ya masika kwisha. Gari lililoshuka bandarini karibuni lipelekwe gereji kabla halijazoea barabara, kwa maana hapo ndipo chumvi ya Japani huoshwa kabla haijakutana na ya kwetu.

Nawasihi wenye magari, na hasa wale wanaobeba abiria kwa ujira, wasingoje daladala au matatu ivunjike njiani ndipo watazame kilicho chini yake. Abiria anayelipa nauli hawezi kulala chini ya gari kulikagua. Ameiweka roho yake mikononi mwa mwenye gari. Kutu hukingwa kwa maji matamu, waya mwembamba na kopo la mafuta, kila mwaka, gari likiwa bado zima. Ikikwisha kula fremu, hakuna fedha inayorudisha chuma kilichokwenda. Kabla ya masika ijayo, liinue gari lako, washa taa, uutazame uvungu wake.